Nati Ambayo Sikuigusa

Majura mwanangu,

Barua zote huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua, umenikasirikia. Ya kwangu nayo umeiona tangu asubuhi. Basi hapo tumeshamaliza.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kulala mapema na kuchagua marafiki. Hayo nimekuimbia tangu hujaota meno, na kama hayakuingia kwa mdomo, kwa kalamu hayataingia. Kanisa utalitafuta mwenyewe, au hutalitafuta. Sweta nimeliweka kwenye begi, kulivaa ni juu yako. Mimi nataka kuandika juu ya nati moja tu.

Nitaeleza kama vile hukuwepo. Tulikuwa wote pale, lakini wewe ulikuwa chini ya gari na mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni. Mtu aliye chini ya gari na mtu aliyechuchumaa hawaoni kitu kimoja.

Leo alasiri pikapu yetu ilikuwa juu ya jeki hapa uani. Marehemu baba yako aliipa jina Bibi Harusi, kwa sababu haina haraka, na popote inapofika lazima watu wasikie. Kesho unaondoka nayo kwenda Mpanda, wewe na mwenzako mkabebe mpunga. Nimekupa mwenyewe kwa hiari yangu, mtu asije akasema nimenyang'anywa. Ila ilikuwa inalia huko nyuma, na gari inayolia huwezi kuipeleka mbali kiasi hicho.

Wewe ndiye uliyejua kilio kinatoka wapi. "Mama, inalia kushoto," ukasema. Nikakuambia hapana, inalia kulia. Ukarudia maneno yangu, "inalia kulia," ukacheka peke yako. Tukabishana, kama kawaida yetu. Ikawa kushoto. Nilikubali, ila sikusema kwa sauti. Nasema sasa.

Ilikuwa bushi ya springi ya nyuma, pale mbele springi inaposhikwa na chasisi. Watu wengine wakisikia bushi wanajua shamba. Hata wewe ulipokuwa darasa la pili nilikuambia naenda Bunda kununua bushi, ukaniuliza, "Kwani bushi ya Suguti haitoshi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijui kama unakumbuka.

Bushi yenyewe ni kitu kidogo, inaenea kiganjani. Bomba la chuma nje, bomba jembamba la chuma ndani, na mpira katikati ulioshikana na yote mawili. Huo mpira ndio unaomeza mashimo ya barabara ili chuma kisigongane na chuma. Wa kwetu ulikuwa umekwisha. Uliuchoma ukatoa moshi mweusi, mama wa nyumba ya jirani akapiga kelele juu ya nguo zake alizoanika. Ukakata ganda kwa msumeno wa chuma, taratibu, bila kuiumiza springi. Bushi mpya ukaipaka maji ya sabuni, ukaivuta ndani kwa bolti ndefu na kipande cha bomba mpaka ikakaa. Mimi nikiingizaga bushi naigonga kwa nyundo huku natukana. Wewe ulikuwa unapiga mluzi. Nilikaa pale sina kazi, nikajisikia vizuri na vibaya kwa pamoja.

Kisha ukapitisha bolti, ukaweka nati, ukaanza kukaza.

"Shusha kwanza," nikasema.

"Najua Mama."

"Sasa mbona unakaza?"

"Naishikiza tu."

Lakini hukuishikiza. Ulichukua lile bomba ukalivalisha kwenye mpini wa spana ili upate nguvu, ukavuta mpaka gari yote ikatikisika juu ya jeki. Nikakuambia, "Majura, shusha gari chini ndiyo ukaze. Nimekuambia mara ngapi?"

Ukatoka chini ya gari. Ulikuwa na vumbi kwenye nyusi. Hukupaza sauti, afadhali ungepaza.

"Mama," ukasema, "tangu nizaliwe, umewahi kuacha kitu nilichofunga mimi?"

Macho yangu yakaenda kwenye nati, nawe ukaona.

"Ukiigusa hiyo nati," ukasema, "kesho mimi napanda basi. Gari ubaki nayo."

Ukashusha jeki. Ukanawa mikono kwa sabuni ya mche mpaka kwenye viwiko, ukabadilisha shati, ukaenda Mwigobero kuwaaga wenzako. Sabuni nikaiingiza ndani niendelee na vyombo. Spana namba kumi na tisa ilibaki pale chini, na mimi nikabaki naitazama.

Nitakuambia nilichofanya, lakini kwanza nikuambie kwa nini hiyo nati imenikaa kooni. Usidhani ni ubishi mtupu. Ubishi upo, siukatai, lakini si wenyewe tu.

Baba yako alipofariki tulimzika kwao Butiama. Wewe ulikuwa umeanza darasa la kwanza tu. Matanga hayajaisha vizuri, baba yako mdogo akanivuta pembeni akaniambia gari ataichukua yeye, maana mwanamke na gari ni ajali inayotembea. Nikamwambia sawa shemeji, njoo uichukue Jumatatu. Jumapili, watu wakiwa kanisani, nikakupandisha mbele nikaiendesha mwenyewe kutoka Butiama mpaka Musoma, kwa gia ya kwanza na ya pili. Ya tatu nilikuwa sijui inaingiaje. Baiskeli zilitupita. Ulikuwa unawapungia mkono watu wa baiskeli, unadhani tunashindana nao kwa kupenda.

Baada ya hapo nikaanza kubeba udaga, ule unga wa muhogo, na dagaa kutoka Suguti kupeleka soko la Bunda. Barabara ya Suguti unaijua. Haukupita muda gari ikaanza kulia. Sikuwa najua bushi ni nini, nilijua tu kwamba kila nikipita watu wanageuka. Mtu mmoja pale stendi akaniambia, "Mama, hiyo ni ndogo, mwagia oili chafu." Nikamwagia. Wee! Gari ikanyamaza kimya. Nilijisifu kwa kila mtu, nikajiona fundi.

Nilikuwa sijui kwamba oili na mpira haviivi chungu kimoja. Mpira ukipakwa oili unavimba, kisha unalainika, kisha unatoka vipande kama ugali uliokosa unga. Siku moja nimetoka Suguti na mzigo, nikafunga breki kumkwepa ng'ombe, nyuma ya gari ikaenda upande wake na mbele ikaenda upande wake. Tulisimama kwenye shamba la mihogo la watu. Ng'ombe hakushtuka hata kidogo. Fundi alipoifungua akanionyesha bushi, ikamwagika mkononi. Oili haikuwa imetibu kitu. Ilikuwa imenyamazisha tu.

Hilo la oili limenifundisha jingine, na sikulijua siku ile, nimelijua umeshakuwa mkubwa. Wewe nawe ulikuwa unalia. Ulikuwaga ukisikia mtu anamtaja baba yako, unaanza, na hunyamazi mpaka usinzie. Nikakataza asitajwe humu ndani. Picha yake nikaiweka chini ya godoro. Ukanyamaza, nikawaambia majirani mtoto ameshasahau, Mungu ni mwema. Ulipofika darasa la sita ukaniuliza, "Mama, baba alikuwa anachekaje?" Nikafungua mdomo nikuonyeshe, nikashindwa. Nilikuwa nimejikataza mwenyewe muda mrefu mno, nikawa siukumbuki vizuri mcheko wake. Iliniuma sana, Majura. Inaniuma mpaka leo. Ukipata mtoto, akilia, mwache alie ukiwa hapo hapo karibu.

Sasa nimeanza mahubiri, na nilisema sitahubiri. Turudi kwenye nati.

Baada ya ule mkasa wa ng'ombe nilisema mafundi wananipotezea muda, nitajifunza mwenyewe. Nikanunua bushi mpya Bunda, nikainua gari, nikagonga, nikakaza nati gari ikiwa juu ya jeki, springi imening'inia. Kwa nguvu zangu zote. Nikajipongeza. Mvua za masika zilikuwa hazijaanza, na kabla hazijaisha mpira ukawa umechanika. Nikasema huyu muuza spea ameniuzia feki. Nikaenda Bunda siku ya soko, nikasimama mbele ya duka lake na ile bushi iliyochanika nimeinyanyua juu, nikamwaibisha yule baba mbele ya watu. Unanijua nikianza. Hata waliokuwa wananunua nyanya waliacha nyanya wakaja kusikiliza.

Pembeni pale alikuwepo fundi Marwa, yule mnene, mwenye maneno mengi, ambaye hawezi kukaza hata bolti moja kabla hajanywa chai. Aliniita. "Mama Majura, hebu njoo. Hiyo kitu uliikaza gari ikiwa wapi?"

"Juu ya jeki. Ningeikazia wapi, juu ya mti?"

Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Kisha akanieleza, na maneno yake nayakumbuka yote, kwa sababu niliyasikia nikiwa na aibu, na mtu mwenye aibu husikia vizuri.

"Mama, hiyo mpira haizungukagi. Ukishakaza nati, chuma cha ndani imeshikwa, haiendi popote. Mpira ndiyo inajisokota, gari ikipanda inajisokota hivi, ikishuka inajisokota hivi, halafu inarudi. Sasa inarudi wapi? Inarudi pale ulipoikazia. Hiyo ndiyo kwao. Ukiikaza gari imesimama chini, imebeba uzito wake, inajua kwao ni hapo, itaenda na kurudi mpaka uichoke. Wewe umeikaza hewani. Umeiambia kwao ni hewani. Gari ikisimama chini, yenyewe iko mbali na kwao usiku na mchana, inajivuta inajivuta, mwisho inachanika. Muuza spea kakosa nini?"

Nikarudi kumwomba radhi yule baba. Akaniambia, "Usijali mama, karibu tena," kwa sauti ya mtu ambaye hataki urudi. Nilikaa muda mrefu nikinunua spea za Bunda kwa kumtuma mtu mwingine.

Kwa hiyo ndiyo maana. Unaingiza bushi gari ikiwa juu, hilo halina shida, nati unaishikiza tu kwa vidole. Unashusha gari isimame kwenye matairi yake. Unaitikisa kidogo ikae. Ndiyo unakaza. Nilikufundisha hivyo, na unajua, na leo ulikuwa na haraka ya kwenda Mwigobero. Au ulikuwa na hasira na mtu aliyechuchumaa pembeni yako. Sijui ni lipi, na pengine wewe pia hujui.

Nilikuwa na methali mdomoni, asiyesikia la mkuu. Nikakumbuka guu lililovunjika mara zote lilikuwa la mkuu mwenyewe, nikaimeza.

Sasa nikuambie nilichofanya ulipoondoka. Niliokota spana. Nikapiga magoti pale kwenye tope la maji ya sabuni, nikainama mpaka nikaiona nati. Mkono ukaenda. Ukarudi. Nikakaa pale chini kama mtu aliyepoteza sindano, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza kama niko salama. Nikamwambia natafuta kifungo.

Nilikuwa nimekumbuka kamba.

Unaikumbuka, usijifanye. Ulikuwa kidato cha pili, likizo. Tulikuwa Suguti tunapakia magunia ya udaga, na wewe ulikuwa umejifunza kwa vijana wa mitumbwi fundo lao, lile wanalofungia makasia. Ulifunga mzigo peke yako, ukauzunguka, ukaupiga kofi, ukaenda kunywa maji. Nami nikaenda nyuma ya gari nikafungua fundo lako nikafunga la kwangu. Sikuona kama ni kosa. Nilikuwa nafanya hivyo kwa kila kitu. Shati ulilopiga pasi nililipiga tena, mlango ulioufunga niliujaribu tena, hata sala ya chakula ukishasema amina mimi naongezea yangu.

Kwenye kile kiteremko, magunia mawili yakashuka barabarani yakapasuka. Unga mweupe ukaenea njia nzima. Nilikugombeza mbele ya wanawake wa sokoni waliokuwa wamepanda juu ya mzigo. Nilikuambia huna mikono, una matawi. Uliokota unga kwa viganja, ukiwa umepiga magoti, na uliponitazama nikajua kwamba kule Suguti uliniona nikifungua. Wewe nawe ukajua kwamba najua. Tukapanda gari tukaenda Bunda. Hatujawahi kulisema mpaka leo ninapoliandika. Lile fundo lililofunguka lilikuwa langu. La kwako lingefika.

Kibaya zaidi si unga. Kibaya ni kwamba tangu siku ile ulianza kufunga nusu. Ukifunga kamba unaiacha legelege, unasema, "Mama, malizia." Ukifunga taa ya gari, skrubu mbili badala ya nne, "Mama, malizia." Watu wakawa wanasema mtoto wa Mama Majura ni mvivu, na mimi nikawa naitikia, naam, mvivu. Hukuwa mvivu. Nilikuwa nimekufundisha kwamba kufunga kwako hakuhesabiki.

Na mimi hilo nilitakiwa kulijua kuliko mtu yeyote. Ulipozaliwa nilikuita Emanueli. Ulilia wiki nzima, hunyonyi vizuri, hulali. Bibi yako akaja kutoka Butiama, akakutazama, akasema huyu analilia jina, anamtaka babu yake Majura. Wakakuita Majura, wakakutemea mate kidogo kifuani kwa baraka, ukanyamaza saa ile ile, ukanyonya. Wote wakafurahi. Aliyelia sasa nikawa mimi, huko jikoni. Jina nililolichagua miezi tisa lilifunguliwa kwa dakika moja. Hata kama walikuwa sahihi, na walikuwa sahihi maana ulinyamaza, mkono uliofungua ulikuwa si wangu. Bibi yako Mungu amrehemu, nilimpenda baadaye, lakini ile siku sijaisahau. Nikaja nikakufanyia wewe hivyo hivyo miaka yote.

Sasa leo, chini ya lile gari, ulikaza mpaka mwisho. Ulikaza kwa bomba. Hukusema "Mama, malizia." Tangu kidato cha pili sijakuona ukifunga kitu mpaka mwisho mbele yangu, na siku umefunga mpaka mwisho, umefunga vibaya. Nilipokuwa nimepiga magoti pale nilitaka kucheka. Nikaona nikiigeuza hiyo nati hata nusu mzunguko, bushi itapona, na wewe utafika Mpanda, na huko ukifunga kitu chochote utasimama ukisubiri mtu wa kumalizia. Mimi sitakuwepo.

Kwa hiyo sikuigusa. Spana nimeiweka juu ya kiti cha dereva, imefungwa kile kitambaa chekundu. Hii barua nayo nitaiweka juu ya dagaa wa kukaanga, kwenye mfuko wa chakula. Bunda hutafika hujaufungua, nakujua. Ukishasoma, unaweza kulegeza nati na kukaza upya hapo hapo ulipo, gari ikiwa imesimama chini, haihitaji hata jeki. Au unaweza kuiacha. Sikutishi. Haitakuua kesho wala keshokutwa. Itachanika mapema tu, pengine njia ya Tabora, pengine mpunga ukishaanza, na ukifunga breki nyuma itataka kwenda kwake. Utapiga simu, na mimi sitasema nilikuambia. Nitajitahidi nisiseme.

Najua hii barua yenyewe ni spana. Nimeliona hilo nilipofika ukurasa wa pili. Lakini angalau hii unaishika wewe.

Jambo jingine dogo, kisha nikuache. Miaka yote hii nikiwa jikoni nilikuwa najua umekaribia nyumbani kwa kilio cha Bibi Harusi. Ukikata kona pale kwa fundi baiskeli, inalia, na mimi nabandika maji ya ugali. Ukiingia, maji yanachemka. Ulikuwa unasema, "Mama, wewe ni mchawi, unajuaje?" Nilikuwa nasikia tu. Ndiyo maana nilichelewa kununua hiyo bushi. Nilikuambia Bunda hazipo. Zilikuwepo. Nilikuwa sijawa tayari na gari ambayo hailii.

Nitaikosa hiyo sauti, na nitakukosa wewe. Nyumba itakuwa kimya, sipendi, na sina cha kufanya. Nakupenda, Majura. Nimeandika mara moja, sirudii, utasoma tena mwenyewe ukitaka.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo. Lakini nimesikia geti, nikajua umerudi kutoka Mwigobero, na hukuingia ndani. Nikasikia mlango wa gari. Kisha nikasikia chuma kikigusa chuma huko uani, na gari ikitikiswa, na springi ikakoroma kidogo, kisha chuma tena. Dirisha liko hapa pembeni yangu, ni kusogeza pazia tu. Sikulisogeza. Nilikaa na kalamu mkononi nikiangalia ukuta, na haikuwa rahisi, ujue. Nikajiambia labda anafunga mzigo.

Sasa hivi umesimama mlangoni. Mikono yako ilikuwa safi mpaka viwiko ulipoondoka. Sasa ni myeusi, umeishika mbali na shati lako zuri.

"Mama," umeniuliza, "sabuni umeiweka wapi?"

"Iko kwenye beseni la vyombo," nimekujibu.

Sikuuliza kitu.

Mama yako.